Kanuni Mpya Mbele ya Mafundi wa Zamani

Kanuni za Kudumu za Bunge la Tanzania, ambazo huongoza namna mbunge anavyoomba kuzungumza, namna hoja inavyowasilishwa na namna kura inavyopigwa, huchapishwa kwa matoleo, na toleo jipya linapoanza kutumika, kama lile la Januari 2016 au lile la Juni 2020, lililotangulia hukosa nguvu papo hapo. Nje ya ukumbi huo wa Dodoma, katika vijiwe vya wachezaji wa bao na drafti vilivyo chini ya miarobaini na kwenye vibaraza vya maduka, mambo huenda kwa utaratibu mwingine, kwa kuwa kanuni za mchezo haziwezi kufutwa na yeyote maadamu wamebaki watu wawili wanaokubaliana kuzifuata. Toleo jipya la sheria ni amri. Toleo jipya la mchezo ni ombi, na anayeombwa anaweza kukubali, kukataa, au kuchukua kifungu kimoja na kuviacha vingine vyote. Ndiyo maana wachezaji hawapokei kanuni mpya kwa sauti moja, na ndiyo maana mgawanyiko wao unastahili kuchunguzwa kwa heshima badala ya kuchukuliwa kuwa ukaidi wa wazee au papara za vijana.

Bao linalochezwa Tanzania lina ubao wa safu nne zenye mashimo manane kila moja, na kete 64 ambazo kwa desturi ni mbegu za mkomwe. Kila mchezaji humiliki safu mbili zilizo upande wake na nusu ya kete zote. Hadi hapo hapana ubishi. Ubishi huja katika kupanga kete na katika kuanza kucheza, kwa sababu mchezo huo una namna mbili kuu zinazoishi bega kwa bega. Katika bao la kujifunza kila shimo hupewa kete mbili, ubao wote huwa umejaa tangu mwanzo, na wachezaji huanza mara moja kuzisambaza na kulana. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huweka ubaoni kete kumi tu, sita katika shimo maalumu liitwalo nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata upande wake wa kulia, huku kete 22 zikibaki mkononi. Kete hizo huingizwa moja kwa kila zamu katika hatua iitwayo namua, na zinapokwisha ndipo huanza hatua ya mtaji, ambamo mchezaji hutegemea zilizo ubaoni pekee. Asiye na pa kula hulazimika kutakata, yaani kuzisambaza kete zake mwenyewe bila kuchukua za mpinzani, na mwenye nyumba iliyo hai, kete yake ya mwisho ikiangukia humo, anaweza kuchagua kulala hapo au kuzibeba zote na kuendelea na safari.

Tofauti hiyo, ambayo kwa mtazamaji huonekana kuwa ya mpangilio tu, hubadilisha aina ya akili inayohitajika. Anayecheza bao la kujifunza huuona utajiri wake wote mbele ya macho yake na kazi yake kubwa ni kukokotoa mzunguko utakaofika mbali zaidi, ilhali anayecheza bao la Kiswahili hulazimika pia kujua lini aitoe nyumba na lini ailinde, kwa sababu nyumba iliyochelewa kufunguliwa huweza kuliwa yote kwa mkupuo mmoja, na iliyofunguliwa mapema humwacha mwenyewe bila akiba. Mtafiti Alexander de Voogt, aliyewachunguza mafundi wa bao wa Zanzibar na kuchapisha kazi yake mwaka 1995, aliuchukulia umahiri wao kuwa kipimo cha mipaka ya akili ya binadamu, kwa kuwa zamu moja yaweza kuzunguka ubao mara kadhaa, ikila na kusambaza na kula tena, na fundi hutakiwa kuiona yote kichwani kabla mkono haujagusa kete. Ufundi wa namna hiyo hujengwa kwa miaka mingi, na kila sehemu yake imefungwa na kanuni fulani: ukibadili kanuni ya nyumba, ubao na kete hubaki vilevile, lakini sehemu ya miaka hiyo hupotea.

Hapa ndipo penye kiini cha suala zima, nacho hupuuzwa mara nyingi na wanaotunga kanuni. Mchezaji mzoefu anayekataa toleo jipya hatetei kitabu cha zamani kwa ajili ya kitabu, wala si lazima awe anaamini kwamba kanuni za zamani zilikuwa bora. Anatetea ujuzi ambao hauwezi kuhamishwa, pamoja na mduara wa wapinzani aliozoeana nao na ambao bila wao ujuzi huo hauna pa kutumika. Kwa upande wa pili, anayelifurahia toleo jipya mara nyingi ni yule ambaye toleo la zamani lilimweka nyuma, kwa kuwa siku kanuni zinapobadilika fundi na mwanagenzi husogea karibu zaidi kuliko siku nyingine yoyote. Wote wawili wana sababu za haki. Kosa ni kudhani kwamba mmoja wao hajaelewa.

Dodoma ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili kwa sababu jiji hilo limejaa watu waliokuja na kanuni zao. Uwanda wa kati wa Tanzania ulikuwa njia kabla haujawa makao makuu: misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa na kuvuka nchi ya Wagogo, ikifuatwa na reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, uamuzi uliotekelezwa polepole kwa miongo minne hadi mwaka 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali yote ingehamia huko. Mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,083,588 katika Mkoa wa Dodoma, na ile ya 2022 ikahesabu 3,085,625, ongezeko la takribani watu milioni moja katika miaka kumi. Wengi wao ni watoto waliozaliwa papo hapo, lakini wamo pia watumishi, mafundi ujenzi, wanafunzi wa vyuo na wafanyabiashara kutoka Tanga, Kigoma, Mtwara na Dar es Salaam, na kila mmoja wao alijifunza bao au drafti kwa mzee fulani, mahali fulani, kwa namna ambayo hakuna aliyemwambia kuwa ni moja tu kati ya nyingi.

Wachezaji wa asili tofauti wanapokutana kwenye ubao mmoja, jambo la kwanza huwa ni mapatano: kama litachezwa la kujifunza au la Kiswahili, na kwa upande wa drafti, kama kete ya kawaida inaruhusiwa kula kwa kurudi nyuma na kama anayesahau kula anaadhibiwa. Mapatano hayo huchukua dakika chache na hayaandikwi popote, lakini yana uzito wa kikatiba, kwa sababu mgeni anayekubali kanuni za kijiwe hukubali pia kuwa mwanagenzi kwa muda, hata kama kwao alikuwa fundi. Kijiwe chenyewe nacho hubadilika polepole kadiri wageni wanavyozidi wenyeji, bila siku maalumu ambayo mtu anaweza kuitaja kuwa siku ya mabadiliko. Kwenye kilima cha Hyrax karibu na Nakuru, Kenya, yapo mashimo ya michezo ya jamii ya bao yaliyochongwa katika mwamba. Mwamba umetunza ubao, ila kanuni zilizoufanya ubao huo uwe mchezo ziliondoka na watu waliokuwa wakizikubali.

Mchezo unaomilikiwa na kampuni huweka mambo haya wazi zaidi, kwa kuwa mabadiliko yake yana tarehe, bei na mwenye kuwajibika. Mfano ulio bora ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa nchini Marekani mwaka 1974. Huu ni mchezo wa mezani wa kuigiza, ambamo kila mchezaji hubuni mhusika mmoja, labda mpiganaji, mchawi au mwizi, na kunena na kutenda kwa niaba yake, wakati mchezaji mmoja aliye msimulizi hueleza ulimwengu unaowazunguka wahusika hao na kuwaigiza maadui zao. Penye shaka kama tendo litafaulu, hurushwa dadu, na iliyo maarufu zaidi ina nyuso 20. Hakuna ubao wa lazima wala mshindi. Mhusika mmoja huweza kuchezwa kwa miaka, akipanda ngazi na kujikusanyia silaha, majeraha, marafiki na historia, na kanuni zilizomo vitabuni ndizo zinazosema historia hiyo ina thamani gani siku ya hatari.

Ni rahisi basi kuelewa kwa nini kila toleo la mchezo huo limezua mgogoro. Toleo la pili, la mwaka 1989, liliyaondoa majina ya mashetani katika kipindi ambacho mchezo ulikuwa ukishambuliwa na baadhi ya wazazi na makanisa ya Marekani, na wachezaji waliona wamenyang'anywa kitu kwa hofu ya watu wasiocheza. Toleo la tatu lilikuja mwaka 2000, baada ya kampuni ya Wizards of the Coast kuinunua TSR, iliyokuwa mwenye mchezo, mwaka 1997. Lilipokelewa vizuri kwa jumla, lakini marekebisho yake ya mwaka 2003 yaliwauma wengi, kwa kuwa yalifanya vitabu vya miaka mitatu tu vionekane vimepitwa na wakati.

Mgawanyiko mkubwa zaidi ulikuja na toleo la nne, lililotoka Juni 2008. Watungaji wake walikuwa wamesikiliza malalamiko ya kweli. Katika toleo la tatu, mchawi wa ngazi za juu aliweza kufanya karibu kila kitu, na mpiganaji wa upanga aliyekuwa naye tangu mwanzo alibaki kurudia pigo lilelile, jambo lililowachosha waliochagua upanga. Msimulizi naye alitumia saa nyingi kuandaa maadui ambao wangekufa kwa dakika chache. Toleo la nne liliyatibu yote mawili. Kila mhusika, awe wa upanga au wa uchawi, alipewa mbinu zilizopangwa kwa mfumo mmoja: zinazotumika wakati wowote, zinazotumika mara moja katika kila pambano, na zinazotumika mara moja kwa siku. Kila aina ya mhusika ilitajiwa wazi wajibu wake katika mapigano, mmoja akilinda, mwingine akiumiza, mwingine akiwatia wenzake nguvu. Maandalizi ya msimulizi yakawa mepesi, na wachezaji wapya walielewa haraka wanachopaswa kufanya zamu yao ikifika.

Waliolipenda toleo hilo walilipenda kwa sababu hizo hasa, na hawakukosea. Waliolichukia nao walitaja mambo yaleyale, kwa maana kwamba kile kilichoitwa usawa na kundi moja kiliitwa ufanano na kundi la pili: ikiwa mchawi na mpiganaji wanasoma kurasa zinazofanana na kuhesabu mbinu zao kwa mfumo uleule, basi kuchagua kuwa mchawi hakumaanishi tena kuishi katika ulimwengu kwa namna tofauti. Wengine walisema kwamba mapigano, yaliyotegemea sasa zaidi ramani ya miraba na vinyago vya kusogezwa, yaliufanya mchezo ufanane na michezo ya kompyuta iliyokuwa ikitamba wakati huo, hasa World of Warcraft. Lililouma zaidi halikuhusu mapigano. Wahusika waliokuwa wamechezwa kwa miaka mingi hawakuweza kuvushwa kwa uaminifu kutoka toleo moja hadi jingine, kwa sababu vipawa vyao vya zamani havikuwa na mahali katika mfumo mpya, na ulimwengu wenyewe, pamoja na miungu na mpangilio wa ahera zake, ulipangwa upya. Meza iliyokuwa na masimulizi ya miaka kumi ilitakiwa ama iyakatishe ama iyabadilishe. Ni vigumu kufikiri namna nyingine ambayo kampuni ingeweza kuwaomba wateja wake waaminifu zaidi kitu kikubwa kuliko hicho.

Wengi walikataa, na safari hii kukataa kwao kulikuwa na nyumba ya kwenda. Mwaka 2000 Wizards of the Coast ilikuwa imetoa leseni huria iliyowaruhusu wachapishaji wengine kutumia kiini cha kanuni za toleo la tatu bila malipo. Kampuni ya Paizo, ambayo hadi mwaka 2007 ilikuwa ikichapisha majarida ya mchezo huo kwa ruhusa, iliitumia leseni hiyo kutengeneza Pathfinder, mchezo uliotoka mwaka 2009 baada ya kanuni zake kujaribiwa hadharani na wachezaji, na ambao kwa kweli ulikuwa toleo la tatu lililosafishwa na kuendelezwa. Waliokataa toleo la nne hawakulazimika kubaki na vitabu vilivyochakaa. Walipata vitabu vipya, visa vipya vya kucheza na wachezaji wenzao. Jumuiya moja ikawa mbili, na zote mbili zikawa hai.

Wizards of the Coast ilijifunza, angalau kwa kipindi fulani. Mwaka 2012 ilitangaza kuwa inaandaa toleo jipya na kuwaalika wachezaji kuzijaribu rasimu zake, kazi iliyoendelea kwa takribani miaka miwili, na toleo la tano lilipotoka mwaka 2014 lilirudisha mengi yaliyokosekana huku likiutunza wepesi. Mapokezi yalikuwa mazuri, na kwa sehemu kubwa ni kwa sababu wachezaji walikuwa wameulizwa kwanza, kabla kitabu hakijafungwa. Lakini mwanzoni mwa Januari 2023 ilivuja rasimu ya leseni mpya ambayo ingefuta uhuru wa mwaka 2000 na kuwatoza baadhi ya wachapishaji sehemu ya mapato yao. Hasira iliyofuata iliunganisha watu waliokuwa wamegawanyika tangu mwaka 2008, na kabla mwezi haujaisha kampuni ilirudi nyuma na kuziweka kanuni za msingi za toleo la tano chini ya leseni huria ambayo haiwezi kubatilishwa. Wachezaji waliopigania jambo hilo walielewa, pengine bila kulisema hivyo, kwamba walichokuwa wakikitetea ni haki ya kuchagua, kwa kuwa iwapo kanuni za zamani haziwezi kuchapishwa tena na mtu mwingine, ombi la toleo jipya hugeuka amri.

Marekebisho ya mwaka 2024, ambayo kampuni iliepuka kuyaita toleo la sita na badala yake ikasisitiza kuwa yanaoana na vitabu vya mwaka 2014, yalipokelewa kwa namna inayokumbusha zaidi kijiwe cha bao kuliko vita vya mwaka 2008. Wapiganaji walipewa ustadi maalumu wa silaha, jambo lililowafurahisha waliokuwa wakilalamika tangu zamani. Namna ya kubuni mhusika ilibadilishwa ili nguvu zake zitokane na maisha aliyoyaishi na si na asili aliyozaliwa nayo, jambo lililosifiwa na wengine na kukosolewa na wengine. Kwa kuwa vitabu hivyo viwili huweza kukaa kwenye meza moja, makundi mengi yalifanya kile ambacho wacheza bao wamekuwa wakifanya siku zote, yaani kupatana mwanzoni mwa mchezo ni kipi kitafuatwa.

Historia hiyo ya Marekani ina la kuwafunza wale ambao kwa miaka sasa wametaka bao liwe na kanuni moja iliyoandikwa, itakayotumika katika mashindano ya kitaifa na kufundishwa shuleni. Nia hiyo ni njema na inahitajika kwa haraka, kwa sababu vijana wengi wa mijini, Dodoma ikiwemo, wanakua bila mzee wa kuwafundisha, na mchezo usioandikwa hutegemea kuwepo kwa mzee. Kwa mashindano bao la Kiswahili linafaa zaidi, kwa kuwa ndilo lenye kina ambacho fundi anaweza kukitumikia maisha yake yote. Hata hivyo kitabu kitakachoandikwa kisiliite bao la kujifunza kosa au hatua ya kuachwa nyuma, kwa maana kwa watu wengi wa bara, hilo ndilo bao walilokuta, walilocheza na baba zao na watakalocheza na wajukuu. Kitaje kwa jina la mahali kila tofauti inayojulikana ya kupanga kete na ya kushughulika na nyumba, kieleze ni ipi itafuatwa siku ya mashindano, kisha kipelekwe vijiweni kabla ya kupigwa chapa, Mpwapwa na Kondoa kama vile Unguja na Tanga, ili mafundi wakicheze na kukisahihisha wakiwa bado hai.